Kiungo Kinachouma

Mkunga alitoka chumbani kwake kwenda jikoni kuchemsha maji ya chai, akajikuta amesimama getini, sufuria tupu mkono mmoja, mkono wa pili umeshika komeo. Jikoni ni pua na mdomo na chumba chake. Geti liko upande wa pili kabisa: upite sebule, upite chumba cha cherehani, ushuke ngazi, ukate ua. Hakukumbuka kupita popote. Akajicheka, akarudi ndani na sufuria yake.

"Uzee huu, mwanangu," alimwambia binti yake, "iko siku nitakwenda kuoga mje mnikute sokoni."

"Basi uwe unaoga na nguo," binti akajibu bila kuinua macho.

Binti huyo watu wote walimwita Fundi. Alishona magauni ya harusi katika chumba cha mbele, na mdomo wake ulikuwa na pini muda mwingi kuliko ulivyokuwa na chakula. Mama yake alikuwa mkunga mstaafu, na jina la kazi lilimganda. Hata wanaume wenye ndevu, aliowapokea yeye mwenyewe wakiwa hawana hata kucha za maana, walipita getini wakasema shikamoo Mkunga. Wawili hao ndio waliokuwa nyumba nzima. Hapakuwa na baba, kaka wala shangazi. Mama akiumwa kichwa, Fundi ndiye anayekosa usingizi.

Sasa nieleze ilivyokuwa, maana watu wameipindisha hadithi hii mpaka wengine wanasema Mkunga alirogwa na mkaza mwana asiye naye. Hakurogwa. Siku moja kabla ya hayo ya geti, simu yake ililia. Ujumbe ulitoka kwa Somo, shoga yake tangu wako chuo cha ukunga, wakiazimana viatu na kupeana siri. Jina la Somo lilikuwa juu, na picha yake pembeni, anacheka na miwani imemteleza puani. Chini yake maneno: *Dawa ya maumivu ya viungo, imenisaidia sana. Bonyeza kiungo hiki.* Kisha mstari mrefu wa herufi za bluu.

Goti la Mkunga lilikuwa likimsumbua miaka nenda miaka rudi. Akausoma ujumbe kwa sauti, akauliza, "Kiungo kipi? Hiki hiki kinachouma?" Akaweka kiganja cha kushoto juu ya goti, akalibonyeza.

Fundi nusura ameze pini kwa kucheka. "Siyo goti, mama. Kiungo ni linki. Hayo maandishi ya bluu."

"Si waseme linki basi. Wanatuchanganya nini watu wazima?"

"Hicho ndicho Kiswahili sanifu, mama."

"Kiswahili sanifu kina magoti?" Mkunga naye akacheka, mkono bado uko gotini. "Sasa nibonyeze au nisibonyeze?"

"Nani katuma?"

"Somo."

"Kama ni Somo, bonyeza tu."

Bonyeza tu. Mtu anayekagua mshono wa gauni kwa kupitisha kucha uzi kwa uzi, hakuinuka kuangalia zile herufi za bluu zilikuwa zinakwenda wapi. Angeinuka, angeona kwamba hazikumtaja Somo wala dawa wala hospitali yoyote. Zilikuwa mrundikano ambao hata mwalimu wa darasa la kwanza angeshindwa kuutamka. Lakini bibi harusi alikuwa anakuja kupima gauni mchana ule, na jina la juu lilikuwa la mtu wa nyumbani. Nani angemdhania Somo ubaya?

Mkunga akabonyeza kwa kidole gumba cha kulia, na kiganja cha kushoto kimekandamiza goti. Ukurasa mweupe ukafunguka, na kabla haujatulia ukafunguka mwingine, na mwingine nyuma yake, upesi upesi, hakuna hata mmoja uliokubali kusomwa. Mwisho ikasimama picha ya chumba kitupu chenye mlango wazi, na neno moja tu: *Asante.* Simu ikazima. Katika kimya kile goti la Mkunga likasema *ko*. Wote wawili walilisikia.

"Umesikia?" Mkunga akasema. "Imeshaanza kufanya kazi."

Na kweli, jioni ile alitembea bila kuchechemea. Fundi alifurahi kuliko yeye.

Baada ya lile la geti, hayakukoma. Mkunga alikwenda kuanua nguo, akakutwa ameegemea ukuta wa jirani, paji la uso limegusa tofali. Alikwenda kulala, akakutwa ngazini. Kila mara anaapa kwamba alikuwa akienda pengine, na kila mara, kabla hajaondoka, mwili wake hutoa ule mlio, *ko*, kama mtu anayevunja vidole; kwanza gotini, kisha kwenye kifundo cha mguu, kisha nyongani. Na ilikuwapo harufu. Fundi alidhani ni pasi imeunguza kitambaa, akaichomoa, akainusa, haikuwa pasi. Ilikuwa harufu ya jiwe lililogongwa na jiwe, ile inayokuja na cheche na vumbi. Ilikuwa ikitoka kwenye nguo za mama yake.

Jambo lililomtia Fundi baridi ya mgongo ni kwamba popote mama yake alipokutwa, alikuwa ameelekea upande mmoja. Geti, ukuta, ngazi, vyote viko upande unaoteremkia barabara ya chini.

"Mama, unasikiaje ikianza?"

Mkunga alikuwa mtu wa kujibu kila swali kwa mzaha. Safari hii alinong'ona. "Nasikia nimewaambia miguu twende huku, nayo ikaitikia vizuri kabisa, ndiyo mama. Halafu inakwenda kule. Mwanangu, haikatai. Ingekataa ningejua la kufanya."

Fundi akampigia Somo kumuuliza ile ni dawa gani. Simu haikupatikana. Akafunga geti kwa kufuli, akaweka ufunguo chini ya kitambaa cha meza ya cherehani, akamwacha mama amelala, akaenda kwa Somo mwenyewe.

Aliyefungua mlango alikuwa mtoto wa kiume wa Somo, mtu mzima, amekondeana. Fundi aliposema amekuja kumwona mama, yule bwana akamkaribisha kiti.

"Hamkupata taarifa? Tulimzika mwezi uliopita."

"Haiwezekani," Fundi akasema. "Juzi tu kamtumia mama ujumbe."

Yule bwana hakushtuka, na kutoshtuka kwake ndiko kulikomtisha Fundi. Alisimama, akafungua kabati, akatoa simu, akaiweka mezani. Ilikuwa imezimika, na betri aliishaitoa kwa mkono wake. "Si ninyi peke yenu," akasema kwa sauti ya chini. "Watu wanakuja kila siku. Kila mtu anasema mama kamtumia."

"Alikufaje?"

"Alitembea. Alitoka kwenda chooni, akatembea mpaka kwenye machimbo ya kokoto, na pale ardhi ilipokwisha hakusimama. Mvunja kokoto mmoja alimwona. Anasema alikuwa analia, anaomba ashikwe, na miguu inakwenda."

Fundi hakuaga. Alikimbia njia nzima, na njiani alikuwa akijiambia kwamba geti lina kufuli, kufuli lina ufunguo, ufunguo uko chini ya kitambaa, na mama hajui ulipo, akasahau kwamba miguu haikumuuliza mama kitu tangu ilipoanza. Alikuta geti liko wazi. Ndala za mama yake zilikuwa uani, moja huku moja kule, na ile harufu ya jiwe imejaa mpaka barabarani, akaifuata akiteremka, akapita maduka, akapita karakana, watu wakimwita Fundi vipi, asijibu, mpaka pale nyumba zinapokoma na barabara inageuka vumbi jeupe, na hapo akamwona mama yake mbele yake, kanga imedondoka, nyayo zinatoka damu, anatembea kwa mwendo wa msichana anayewahi sherehe, lakini shingo ameigeuza nyuma kabisa, uso wote unatazama nyumbani, unalia, na ulipomwona Fundi mdomo ukafunguka ukasema, "Nishike, mama yangu, nishike, nimechoka," na miguu haikupunguza hata hatua.

Fundi alimkumbatia kiunoni, akaburutwa naye. Ni dereva wa pikipiki aliyekuwa anapita ndiye aliyewasaidia; walimwinua Mkunga juu juu, wakambana katikati ya pikipiki, na njia yote ya kurudi nyayo zake zilikuwa zikikanyaga hewa.

Nyumbani Fundi akamfunga. Hakuwa na kamba, na hata angekuwa nayo asingeweza kumfunga mama yake kamba kama mbuzi. Alichukua gauni la bibi harusi, lile la satini ambalo lilibaki kutiwa vifungo, akalikata vipande virefu, akamfunga vifundo vya miguu kwenye kitanda. Mama yake alimsaidia kukaza fundo.

Kisha akamwita Mkandaji. Huyu alikuwa mwanamke anayekanda migongo iliyoteguka na matumbo ya wazazi, alifanya kazi na Mkunga zamani, na watu walijua kwamba mikono yake ilisikia mengine ambayo si ya mifupa. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Aliingia, akanusa, akavua saa yake, akapaka mafuta ya moto viganjani.

Alipogusa goti, *ko* ikakimbilia kwenye kifundo. Alipofuata kifundo, ikapanda nyongani.

"Haya si maradhi ya miguu," akasema. "Mmemfungulia nani mlango?"

Fundi akamweleza yote, ujumbe, kicheko, goti, Somo. Mkandaji akasikiliza na mikono haikusimama.

"Mlibonyeza viungo viwili kwa pamoja," akasema. "Kile cha simu kikamleta, hiki cha mwili kikampokea. Jini hili halina nguvu ya kuvunja mlango. Linavaa jina la mtu unayempenda, basi. Jina liko juu, lenyewe liko chini. Unabisha kwa Somo, unapitishwa uchochoro huu, unatolewa uchochoro ule, ukija kusimama hujui uliingilia wapi. Na asiyejua alikoingilia atatokea wapi?"

"Tunafanyaje, dada yangu?"

"Kiungo ukikigusa ukaachia, kinakupeleka. Ukikikandamiza bila kuachia, kitasema chenyewe kinakwenda wapi. Mshike mama mabega. Na lolote utakalosikia, usijibu."

Akakamata kifundo cha mguu kwa mikono miwili, akakandamiza. "Unakwenda wapi?"

"Jikoni," mdomo wa Mkunga ukasema. Ilikuwa sauti yake, tulivu, ile ya kuulizia chumvi.

"Mwongo. Unakwenda wapi?"

"Sokoni."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Somo."

"Somo yuko kaburini. Unakwenda wapi?" Mkandaji alikuwa anatetemeka mpaka mabegani, jasho linadondokea shuka, na harufu ya jiwe ikazidi mpaka macho yakawawasha, na viungo vyote vya mama vikaanza kulia kimoja baada ya kingine, magoti, nyonga, vidole vya miguu, vidole vya mikono, uti wa mgongo pingili kwa pingili, kama kuna mtu anapita ndani yake akifunga milango, na Mkunga akatazama dari, machozi yanamtoka pembeni mwa macho, na mdomo wake ukasema kwa upole uleule, "Machimboni."

Kifundo kikalegea. Mguu mmoja ukalala.

Mkandaji alikaa chini sakafuni. "Kimoja kimesema kweli," alisema alipopata pumzi. "Mwili una viungo vingi, na mimi nina mikono hii tu. Nitakuja kila siku."

"Litasubiri?"

"Sijui. Sikufichi, sijui." Akamvuta Fundi mpaka mlangoni, akamnong'oneza. "Litakuomba pa kwenda. Litaomba vizuri. Usilipatie. Kwa mama yako liliingia kwa hila, kwa hiyo ni mwizi, na mwizi hutolewa. Likikaribishwa na mwenye nyumba, mimi sina mkono wa kulitoa."

Alikuja kesho yake, na kesho yake tena. Akifungua kiungo kimoja, usiku ukipita kinafungwa tena, na kingine juu yake. Miguu ya Mkunga haikulala. Ilitembea pale kitandani mchana kutwa, visigino vinakwaruza shuka, *shwa shwa shwa*, na vile vitambaa vya satini vikaingia kwenye nyama. Fundi alilegeza, akapaka dawa, akafunga tena, analia kwa sauti bila kujificha. Wateja waligonga geti hawakufunguliwa. Mkunga aliishiwa nyama usoni. Alikuwa anakwisha, na Fundi alikuwa anamwona anavyokwisha.

Adhuhuri moja, jua limejaa chumbani, mama akafungua macho.

"Mwanangu, nimechoka. Nifungue niende, nipumzike."

Fundi akamtazama. Ni mama yake? Ni yule wa chini? Sauti ni moja, macho ni yale yale, na hilo ndilo lililomvunja kabisa, kwamba hakuwa na njia ya kumjua mama yake mzazi. Mkandaji alikuwa bado hajafika. Mguu ukapiga kitanda, damu mbichi ikatokeza kwenye satini.

"Nani anaongea?" Fundi akanong'ona.

"Nipe pa kwenda," mdomo ukasema, "nitamwacha. Leo hii."

Alijua alichoambiwa asifanye. Msimfanye mjinga. Lakini alikaa pale akapiga hesabu ya fundi, ya kukata kitambaa kidogo ili kisiharibike kikubwa. Miguu inaweza kumtembeza mtu mpaka shimoni. Mkono je? Mkono wa kushoto, ambao hata kushikia mkasi hautumii, una pa kwenda? Atautia kwenye mfuko wa nguo, atauning'iniza shingoni kwa kitambaa, ataishi nao. Mama atapata miguu yake. Akaona kama amelizidi akili.

Akashika kifundo cha mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Akakibonyeza.

"Karibu," akasema.

*Ko.* Ilisikika kwake. Palepale visigino vikatulia, na kwa mara ya kwanza chumba kikawa kimya. Mkunga akashusha pumzi ndefu, akalala usingizi wa mtoto. Fundi akambusu nyayo.

Mkandaji alipokuja aligusa magoti ya Mkunga, akagusa vifundo, akagusa nyonga, akakosa kitu. Badala ya kufurahi akamgeukia Fundi. "Limekwenda wapi?" Fundi akasema hajui, limetoka tu, huenda ni dawa ya jana. Alikuwa amefunga mkono kwa ushungi; alisema kajichoma na pasi. Mkandaji akamtazama mpaka Fundi akainamisha uso. "Haya," akasema, akachukua saa yake. Hakukubali chai.

Asubuhi yake Mkunga aliamka mwenyewe. Alikwenda jikoni, akafika jikoni. Fundi alimsikia akicheka huko, akigonga vifuniko, akiiambia miguu yake, "Ahsanteni wanangu, mmekuwa na adabu." Fundi akakaa kwenye cherehani, moyo umejaa, akatunga uzi kwa mkono wa kulia. Lile gauni atalishona upya, bila malipo. Atawaomba radhi wote.

*Ko*, ikasema kwenye kifundo cha mkono. *Ko*, kwenye kiwiko. Kwa mama yake lilipanda taratibu, kwa kuwa lilikuwa likijiiba. Huku lilikuwa limekaribishwa. Likapita begani bila kusimama, likashuka mkono wa kulia, likarudi likapanda, na Fundi akaona mkono wa kushoto umejichomoa kwenye ushungi, umevuka meza, umechukua simu. Gumba likaanza kuandika. Liliandika vizuri, kwa maneno yake, hata ule mtindo wake wa kusahau nukta. *Mama nimekuwekea hapa dawa ya vidonda vya miguu, bonyeza* Kisha herufi za bluu.

Jikoni simu ya Mkunga ikalia.

Fundi akataka kupiga kelele. Taya halikufunguka. Hakuwahi kufikiri kwamba taya nalo ni kiungo.

Mkunga akaja mlangoni, kitambaa cha jikoni begani, simu ameishika kwa ncha za vidole mbali na mwili. Aliteswa, akafunzwa, hakuwa mtu wa kubonyeza ovyo tena.

"Kuna ujumbe hapa una jina lako," akasema. "Sigusi kitu tena, hata litokee jina la malaika, mpaka nimwone aliyetuma kwa macho yangu na nimuulize." Akasogea, akainama, akamtazama binti yake usoni kwa mapenzi yote ya dunia. "Ni wewe uliyenitumia, mwanangu?"

Machozi yakamtoka Fundi, yakamwagika mpaka kidevuni. Akakaza shingo kwa nguvu zote alizonazo. Shingo ikalia *ko*, ikainama taratibu, ikainuka, ikainama tena. Ndiyo, mama.

"Sasa unalia nini? Mimi nimepona," Mkunga akasema, akamfuta machozi kwa kitambaa. "Kama ni wewe, basi."

Akabonyeza.